Mitungi ya Jeni na Mbu wa Mlimani

Ukishuka Lyulilo siku ya soko ukasikia kicheko cha mwanamke kikipanda juu ya kelele zote za wauza samaki, huna haja ya kuuliza ni cha nani. Ni cha Jeni, mke wa Yotamu na mama wa Ebeneza, mfinyanzi kutoka upande wa Ikombe, kule ambako milima imesimama wima ndani ya ziwa, watu wakaachiwa ukanda mwembamba tu wa mchanga wa kujengea nyumba na kuchomea vyungu. Wapo wanaosema alizaliwa akicheka. Mama yake, enzi za uhai wake, alikuwa akikataa. Alizaliwa akilia kama watoto wote, alisema, ila siku alipowekwa chini kando ya fungu la udongo alinyamaza ghafla, akashika bonge, akalitia mdomoni.

Kufinyanga alianza kabla ya kujua kusoma. Kwao mwanamke hupiga magoti mchangani, akaweka udongo juu ya kigae, akawa anakizungusha kigae kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiinua ukuta wa chungu taratibu. Kisha husugua kwa gunzi, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akalainisha kwa kokoto iliyong'arishwa na mawimbi. Vyungu vya kwanza vya Jeni vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine, naye kila kilipolia pwaa! aliruka kwa furaha kama vile ndicho alichokuwa akisubiri. Mama yake alikata tamaa mara nyingi. Lakini mikono ile ilikuwa na subira kuliko mwenye mikono, na mpaka anaolewa na Yotamu, mitungi yake ya maji ilikuwa imeshajitengea jina. Ilikuwa na tumbo pana na mdomo uliokunjwa kwa nje kama wa mtu anayetaka kupiga mluzi, na maji yaliyolala humo, hata mwezi wa joto kali, asubuhi yaligonga meno.

Mitungi hiyo ilisafiri kuliko yeye. Asifiwe, mwanamke wa Ndandalo mwenye biashara zake, alikuwa akija na gari dogo la mizigo, akaipanga juu ya majani makavu ya migomba, akaipandisha mpaka Tukuyu, na kutoka Tukuyu mpaka vijiji vya baridi vilivyo juu ya Ntokela. Jeni mwenyewe hakuwahi kuvuka Kyela mjini. "Wanangu wa udongo wametembea," alipenda kusema, "mama yao bado yupo yupo tu na magoti yake mchangani."

Sasa ikatokea kwamba mwaka mmoja, si wa zamani, mvua za masika zilipokwisha, Asifiwe alifika Lyulilo kwa miguu, mikono mitupu.

"Leo gari liko wapi?" Jeni alimuuliza. "Limeharibika?"

"Gari zima, Mama Ebeneza. Watu ndio wameharibika. Kule juu hawaitaki tena mitungi yenu."

"Wamepata mabomba?"

"Wanasema inazaa mbu."

Jeni alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mtungi uzae mbu! Basi na sufuria itazaa kunguni, na mwiko utazaa viroboto!" Akageuka huku na huku kuwatafuta wa kucheka naye, na wanawake wenzake wakacheka kweli. Asifiwe hakucheka.

Akaeleza. Kule Ipyela, kijiji ambacho watu hulala na mablanketi mawili hata mwezi wa Desemba, mbu walikuwa wameingia. Mwanzoni watu walidhani ni wapita njia tu, wamepakiwa na gunia la mchele kutoka bondeni. Mwaka uliofuata watoto wakawa wanajikuna kanisani hata mhubiri anasahau alipofikia. Na safari hii, baada ya mvua, mtoto mmoja alishikwa na homa. Zahanati wakampima, wakakuta malaria. Alitibiwa vizuri, akapona, yuko shuleni anacheza mpira. Lakini kijiji kilishtuka. Hapo ndipo mzee wa kanisa aitwaye Ambilikile aliposimama mbele ya watu akasema: Zamani mitungi ya ziwani haikuwepo, na mbu hawakuwepo. Imekuja mitungi, wamekuja mbu. Mwenye akili na aelewe.

"Wengine wameitoa nje," Asifiwe alisema. "Wengine wameivunja."

"Wameivunja?"

Kicheko cha Jeni kilizimika kama moto wa nyasi kavu. Chungu kupasuka motoni ni kitu kimoja. Kuchukua mtungi mzima, wenye maji, na kuupiga chini kwa makusudi ni kingine kabisa.

Jioni ile alimwambia Yotamu kwamba anapanda mlimani.

"Ukafanye nini?" Yotamu aliuliza, nyavu zikiwa mapajani. "Ukagombane na mzee wa kanisa?"

"Nikaione."

"Ukaone nini?"

"Mitungi yangu. Ukiambiwa mwanao ni mwizi, jambo haliishi kwa kukaa nyumbani."

Yotamu akaziweka nyavu chini, akainuka, akaingia ndani, akatoka na koti lake zito la mtumba, lile analovaa ziwani upepo wa kusini ukivuma. "Usije ukagandia huko," alisema, "halafu nani atanicheka mimi?"

Siku chache baadaye Jeni alikaa mbele kwenye gari la Asifiwe, mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, miguuni na koti mapajani. Waliacha mashamba ya mpunga, wakaacha kakao iliyoanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, na gari likaanza kupanda. Joto likawa linawaacha kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga bila haraka. Walipofika kwenye mashamba ya chai, Jeni alivaa koti. Walipofika kwenye ukungu, alifunga vifungo vyote. Walipofika Ipyela, alikuwa ameingiza mikono ndani ya mikono ya koti kiasi kwamba hakuweza kumpa mtu mkono.

"Mugonile!" alisalimia mwanamke mmoja mnene aliyetoka mbio jikoni kumpokea. Alikuwa ni Atupele, mke wa Ambilikile. Asifiwe alikuwa amepanga hivyo makusudi, kwamba mgeni afikie nyumba ya mshtaki wake. Kabla hata ya kujibiwa, Atupele akasimama, akanusa hewa, akauangalia ule mfuko. "Mwe! Ni usipa?" Akaufungua, akatumbukiza uso mzima ndani, akavuta pumzi. Alipouinua, machozi yalikuwa yanamtoka na magamba ya samaki yamemganda puani. Jeni alimpenda hapo hapo.

Maana Atupele alikuwa mzaliwa wa Mwaya. Walipokaa jikoni wakiota moto, alimsimulia mgeni mkasa wote huku akichagua usipa wa kukaanga. Ambilikile, enzi za ujana, alishuka bondeni kununua mchele, akamwona binti, akasahau mchele. Alikaa wiki kwa kisingizio hiki na kile, na mbu wa Mwaya, ambao hawajali mapenzi ya mtu, wakamlaza kwa malaria mpaka akawa anamwita mama mkwe wake mtarajiwa kwa jina la ng'ombe wao. Alipopona akaapa. Siku ya harusi alisimama mbele ya ukoo wote wa binti akasema kwa sauti: "Ninampeleka mtoto wenu mahali ambapo mbu hawaijui njia!" Watu wakashangilia, akina mama wakapiga vigelegele.

"Tangu hapo," Atupele alisema, "kwetu tunashuka kwenye misiba tu, na jua halijazama ameshawasha pikipiki. Ziwa ninaliona kwa mbali kama picha ukutani. Ndiyo maana nilinunua mitungi yako, dada. Nilitaka kitu cha kule kiwe kimekaa hapa kwangu."

"Na wewe umeivunja?"

"Mimi? Ameniambia niivunje. Nimemwambia avunje mwenyewe. Hajathubutu."

Ambilikile aliingia wakati huo, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, akasalimia kwa heshima zote, akakaa. Alikuwa mkulima wa viazi na pareto, mtu wa maneno machache yaliyopimwa. Jeni akapiga goti kidogo kama desturi inavyotaka, akamwita baba kwa lugha ya kwao.

"Tata, nimesikia watoto wangu wamekukosea. Nimekuja kuwaona."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kwa upole hakuwa na silaha. Akasimama, akatangulia nje.

Mitungi minne ilipangwa chini ya upenu, midomo wazi, ikikinga maji ya bati. Ambilikile akaonyesha kwa kidole. Jeni akainama juu ya wa kwanza. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, na ndani ya kioo hicho walikuwa wanacheza viluwiluwi: wanajikunja, wanajinyoosha, wanapanda kuvuta hewa, wanashuka tena, makumi kwa makumi. Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Kila mtu alingoja mama wa ziwani akane.

Jeni aliinua kichwa. "Tata amesema kweli," alisema. "Wamezaliwa humu."

Minong'ono ikapita. Ambilikile akakohoa, akanyoosha mgongo, akaonekana mtu aliyeshinda kesi.

"Lakini kwetu," Jeni akaendelea, akiwa bado anachungulia, "mtungi hukaa ndani ya nyumba, na juu yake kuna sahani. Maji yakiisha, unausugua kabla ya kujaza mengine. Mimi sikuwaambia. Nilidhani kila mtu anajua, kama mtu anavyojua kufunga mlango. Kumbe nimewauzia nyumba bila mlango." Kisha akatembea hatua mbili, akainama tena. "Na hii ndoo ya plastiki je? Nayo niliifinyanga mimi?"

Watu wakachungulia. Viluwiluwi walikuwa wanacheza ndani ya ndoo.

"Na hili tairi?"

Ndani ya tairi walikuwepo, wengi kuliko mtungini. Mtoto mmoja akapiga kelele kwamba wapo hata kwenye kopo la rangi nyuma ya choo, mwingine akasema wapo kwenye mashimo ya kwato za ng'ombe pale kisimani, na mara kitongoji kizima kikatawanyika kutafuta, watu wakiitana kutoka ua hadi ua: "Na huku wapo! Na huku!" Ikawa kama mchezo. Ambilikile alibaki amesimama peke yake kando ya mitungi minne.

Kesho yake asubuhi muuguzi wa zahanati, dada mmoja mchangamfu aitwaye Tumaini, alifika na mzigo wa vyandarua. Alikaa nao barazani, akanywa chai, akawaeleza bila kuwakemea. Mbu, alisema, amekuwa akipanda huku kila mwaka, kwa upepo, kwa magari, kwa mizigo. Zamani alifika akafa kwa baridi kabla hajazaa. Sasa usiku umepata joto kidogo, si joto la mtu kuvua sweta, ila kwa mbu linatosha. Anafika, anapata maji yaliyotuama, anaanzisha familia. Huwezi kuifunga barabara ya mlima. Unaweza kumnyima maji ya kutagia na kumnyima mtu wa kumuuma.

"Mzee mwenyewe ni shahidi," Tumaini alisema. "Ile sakitu ya alfajiri iliyokuwa inaunguza viazi kwa baridi, siku hizi inakuja?"

"Mara moja moja," Ambilikile alikubali.

"Na zile ndizi pale nyuma?"

Hapo mzee hakuweza kujizuia, akatabasamu. Ndizi zile zilikuwa fahari yake. Baba yake alipanda migomba mahali pale pale, ikakaa miaka na miaka majani matupu. Sasa ilikuwa inazaa mikungu, na hapakuwa na mgeni aliyepita Ipyela bila kuonyeshwa.

"Ndizi ulizipokea kwa mikono miwili," Atupele alimwambia mumewe, "na mbu unamfukuza. Wamepanda gari moja, baba. Tena wewe! Mtu wa pareto! Maisha yako yote unalima ua la dawa ya mbu, hao mbu hawajawahi kuja hata kukushukuru. Leo wamekuja."

Watu waliangua kicheko, na cha Jeni kikaruka juu ya vyote, kikaenda kugonga mlima na kurudi. Lakini Ambilikile aliinamisha kichwa, akawa anaizungusha kofia yake mikononi.

"Nilitoa neno langu," alisema taratibu. "Mbele ya baba yako. Nilisema mahali ambapo mbu hawaijui njia. Sasa wameijua. Mimi nimekuwa mtu gani?"

Tumaini akaangalia ndani ya kikombe chake. Jeni hapo ndipo alipoelewa kwamba mzee huyu hakuwahi kuchukia mitungi. Alikuwa anatafuta mtu mwingine wa kubeba aibu ambayo haikuwa hata yake.

Atupele akaweka chini sinia. "Sikuolewa na baridi mimi," alisema. "Niliolewa na wewe."

Mzee alivaa kofia, akaenda kukagua viazi vyake, na walimwona kwa mbali akisimama katikati ya shamba muda mrefu bila kukagua chochote.

Chandarua hata hivyo alikikataa. Atupele alikitundika juu ya kitanda, akakichomeka vizuri chini ya godoro, akaingia. Mumewe akasema mwanamume wa Ipyela halali ndani ya nyavu kama perege. Akajilaza kwenye kitanda cha sebuleni, akavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi na blanketi mpaka mdomoni. Palibaki pua tu. Jeni, aliyekuwa chumba cha pili ndani ya koti la Yotamu, mablanketi mawili na chandarua, alisema baadaye kwamba kama baridi ile ingekuwa na mabawa, basi ndiyo ingeitwa mbu.

Kulipokucha Ambilikile alitokea jikoni na pua iliyovimba kama kiazi kilichoiva. Wanawake walijitahidi. Walijitahidi kweli, Atupele aligeukia moto, Jeni akaziba mdomo kwa kanga. Mzee akakaa, akanyoosha mkono kupokea uji, akasema kwa heshima: "Hicho kitu. Mtu anaingilia upande gani?"

Hapo jiko lilipasuka kwa kicheko, na aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote, akiishika pua yake kwa maumivu, alikuwa Ambilikile.

Jeni aliondoka Ipyela akiwa ameahidi vifuniko. Aliyatoa maneno yale kwa furaha bila kufikiri, na ni garini, wakishuka, ndipo alipokumbuka kwamba mitungi hufinyangwa kwa mkono, na hakuna miwili yenye mdomo sawa. Akamwambia Asifiwe, naye safari iliyofuata akawaomba wanawake wa Ipyela kila mmoja akate ukambaa wa mgomba, auzungushe mdomoni mwa mtungi wake, afunge fundo. Asifiwe akashuka na furushi la pete za kambaa kama mtu anayekwenda kuozesha kijiji kizima.

Jeni alifinyanga kwa kufuata pete hizo. Alianika, akapanga ufukweni, akafunika kwa nyasi na magome, akawasha. Vilitoka vyekundu, vizuri, vikilia kama kengele ukivigonga. Akachukua cha kwanza kujaribu kwenye mtungi wake mwenyewe wa kipimo kile kile, akakiachia. Kikatumbukia ndani, chubwi!

Yotamu, aliyekuwa anakula, aliweka tonge chini. "Umewafinyangia sahani," alisema.

Udongo hunywea unapokauka, na motoni hunywea tena. Jeni alilijua hilo tangu mtoto. Alikuwa analipimia moyoni kila siku bila kufikiri. Ila alikuwa hajawahi kufinyanga kitu ambacho lazima kikutane na kitu kingine. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaanza upya. Safari ya pili vilitosha lakini vikapinda, vikawa vinayumba mdomoni na kuacha upenyo ambao mbu angepita akiwa na mkoba. Safari ya tatu aliacha kuhangaika na mdomo. Alifanya kifuniko kipana, chenye ukingo ulioshuka nje kama wa kofia, na katikati kishikio cha kushika kwa vidole vitatu. Kikakaa. Akakigeuza, kikakaa. Akakitikisa, kikakaa. Wanawake wenzake waliacha kazi zao wakaja kukijaribu mmoja mmoja, na kabla ya jua kuzama walikuwa wanabishana juu ya kishikio: mmoja anataka kiwe kama kichwa cha kuku, mwingine kama uyoga.

Vifuniko vya Ipyela vilipandishwa siku ya Jumamosi. Jeni alikuwa amekifungia kila kifuniko pete ya mwenyewe ili kisipotee, lakini barabara ya mlima ina mikono. Gari lilipofika na majani ya migomba kufunuliwa, kambaa zote zilikuwa zimekatika na kujikusanya kwenye kona kama kiota cha ndege. Vifuniko vilikuwa vizima. Nani ni wa nani, hakuna aliyejua.

Asifiwe alishika kichwa. Jeni akapanda juu ya gari, ndani ya lile koti, akapiga kelele: "Akina mama! Kila mtu achukue kimoja, akamtafutie mwenzake!"

Basi hapo Ipyela ikaona kitu ambacho haikuwahi kuona. Wanawake walitawanyika na vifuniko mikononi, wakiingia nyumba hii na kutoka ile, wakijaribu, wakikataliwa, wakibadilishana njiani. "Hiki kikubwa, jaribu kwa mama Lusungu!" "Kwa mama Lusungu kimekataa, kina kiburi!" Msichana mmoja alikimbia mteremko mzima na kifuniko kichwani, kikakaa vizuri kichwani mwake kuliko kwenye mtungi wowote. Mtu akaanza wimbo wa kukaribisha bibi harusi, na kila mtungi ulipopata wake vigelegele vilipanda, wa kaskazini wakajibiwa na wa kusini, mpaka wanaume waliokuwa shambani wakaja wakidhani kweli kuna harusi. Na katikati ya msukumo huo akaonekana mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, kifuniko kwapani, akibisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine kwa adabu ya mshenga: "Samahani mama, hapa mna mtungi unaotafuta mchumba?"

Ile mitungi iliyovunjwa, Jeni alileta mingine badala yake. Hakuna aliyemwomba. Aliwaonyesha wanawake jinsi ya kutandaza kipande cha kitenge mdomoni mvua ikinyesha, ili maji yaingie na mbu abaki nje, kisha kufunika mvua ikikata. Tumaini akawasimamia watoto kumwaga matairi na makopo, na Jumamosi hiyo ikageuka kuwa desturi: mpaka leo wanaiita Jumamosi ya kumwaga. Mbu bado wapo Ipyela. Hakuna anayedanganya kwamba wamekwisha. Lakini wamepungua, kila kitanda kina chandarua, na mwaka uliofuata mvua zilikuja zikaenda bila mtoto hata mmoja kulazwa.

Huko ziwani, wafinyanzi wa upande wa Jeni sasa hawauzi mtungi usio na mwenzake. Mtungi na kifuniko chake wanaviita pacha. Mtu akija kutaka mtungi mtupu, Jeni humwambia akanunue ndoo.

Kipupwe cha mwaka huo, alasiri moja, Jeni alikuwa amepiga magoti akikunja mdomo wa mtungi aliposikia mtu akiita jina lake kwa sauti ya kupasua ziwa. Aliinua macho. Mtumbwi wenye injini kutoka Matema ulikuwa unasogea, na mbele yake amesimama Atupele, amevaa gauni la kanisani, anapunga mikono yote miwili huku mwenye mtumbwi akimsihi akae. Nyuma yake amekaa Ambilikile, ameshika kingo kwa mikono yote, na mapajani ana mkungu wa ndizi zake.

"Mmekuja msibani?" Yotamu aliuliza, akiingia majini kuwavuta. "Mbona sisi hatujasikia?"

"Hakuna msiba," Ambilikile alijibu. "Nimekuja kulala." Akashushwa, akakanyaga mchanga, akaangalia kulia na kushoto kama mtu anayetafuta adui aliyekwisha kumsamehe. "Nilikuwa nawakimbia mbu wenu, ndugu yangu. Sasa wako kwangu. Nikae kule kwa sababu gani, na mke wangu analilia ziwa? Chandarua nimekuja nacho. Naingilia upande wa ukutani."

"Ndaga fijo, tata," Jeni alishukuru, akaanza kucheka.

Atupele hakuwa amengoja salamu ziishe. Alikuwa ameshavua viatu, amekunja gauni la kanisani magotini, kisha akaona magoti hayatoshi, akaliachia. Aliingia mpaka kiunoni, mpaka kifuani, akazama kabisa, akaibuka akitema maji na kupiga kelele kama msichana wa shule. "Mama Ebeneza! Njoo!"

Jeni aliangalia udongo uliomjaa mpaka viwikoni, akauangalia mtungi usio na mdomo uliokuwa unamngoja kwenye kigae. Akaufunika kwa kitambaa chenye maji ili usikauke, akakimbia.

Walicheza majini mpaka jua likaanza kuinamia maji. Ambilikile alikuwa amekaa juu ya jiwe, koti limefungwa, akimenyea watoto wa jirani ndizi za Ipyela na kuwaeleza kwamba zimeota mahali ambapo ndizi hazikuwa zinaota. Mara mbili mkewe alimwita. Mara mbili akasema maji ni ya baridi, yeye mtu wa mlimani! Watoto wakamcheka. Alipoitwa mara ya tatu, alitazama huku na huku, akamkabidhi Yotamu kofia yake ya sufu kama mtu anayeaga ukoo, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.